Likizo mwaloni: je, mtoto asiyeingia shimoni yuko salama?

*Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoani Geita, na mume wangu alishafariki. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 13. Amemaliza darasa la saba mwezi wa tisa na anasubiri kuanza kidato cha kwanza Januari. Kaka yangu ana hisa kwenye duara la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na ana karasha, mashine ya kusaga mawe, huko mwaloni wanakooshea dhahabu. Anataka amchukue mpaka shule zifunguliwe ili apate pesa ya sare, madaftari na godoro. Anasema hataingia shimoni, ni kuponda mawe, kubeba maji na kusaidia kuosha tu. Binti yangu wa miaka 10 naye, shule zikifungwa, anataka aende akauze chai na maandazi kwa wachimbaji. Likizo ya Juni kijana alikaa huko wiki mbili, akarudi na kikohozi ambacho hakijaisha vizuri mpaka leo. Wenzangu wananiambia nimpe maziwa, yanaondoa zebaki. Kaka anasema sisi wenyewe tulilelewa kwa jembe na hatukufa. Sitaki kumvunjia heshima, maana ndiye aliyetushika mkono tangu msiba. Kwa muda wa likizo tu kuna ubaya gani? Na nimjibu nini?*

Marahaba, mama, na pole kwa msiba na kwa mzigo uliobaki nao. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini chini ya yote naona wazo moja ambalo wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa wanalo kila Desemba inapokaribia, kwamba mgodi humdhuru anayeingia shimoni na anayekaa huko miaka, kwa hiyo mtoto anayebaki juu kwa wiki chache hana la kumpata. Wazo hilo halikosi mantiki, na ndiyo maana watu wema kama kaka yako wanalishika. Kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, hata hivyo, si kweli, na kwa zebaki mambo karibu yamegeuka, kwa sababu hatari yake kubwa iko juu, mwaloni, palepale mtoto anapowekwa ili awe salama.

Kabla sijaeleza, liko jambo lisilosubiri. Kikohozi kilichoanza Juni na kinaendelea hadi sasa si cha kutibiwa kwa asali na tangawizi. Kwa utaratibu wa nchi yetu, mtu akikohoa wiki mbili au zaidi anapaswa kuchunguzwa kifua kikuu, na vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, na umweleze mhudumu wazi kwamba mtoto alikaa mwaloni, alilala kambini na alivuta vumbi la mawe, maana bila historia hiyo anaweza kupewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani. Sisemi kwamba mwanao ana kifua kikuu. Wiki mbili za vumbi zinaweza kuwasha njia za hewa, au kuamsha pumu kwa mtoto mwenye asili ya ugonjwa huo, na hayo yote yana tiba. Lakini kambini watu hulala wamebanana kwenye vibanda vya turubai, na kifua kikuu kimekuwa ugonjwa wa wachimbaji tangu zamani, kwa hiyo ni lazima tukiondoe kwanza kwenye orodha kabla ya kufikiria mengine.

Sasa tukitazame kile kinachoitwa "kuosha tu". Mawe yanatoka duarani yakiwa kwenye viroba. Yanapondwa kwa nyundo hadi yawe kama kokoto, kisha yanaingia kwenye karasha au kinu na kutoka yakiwa unga. Unga huo unachanganywa na maji na kumwagwa juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au vipande vya zulia, ili udongo mwepesi uteleze na chembe nzito zinase. Magunia yanakung'utiwa kwenye beseni, na hapo ndipo zebaki inapomiminwa na kukorogwa kwa mikono mitupu mpaka ikusanye dhahabu yote. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu, na kidonge hicho kinawekwa kwenye kibati juu ya mkaa au kupigwa moto wa gesi. Dakika chache baadaye zebaki imetoweka na dhahabu imebaki. Kazi hizi za mwisho hazihitaji misuli, kwa hiyo ndizo wanazopewa wanawake na watoto. Mtoto mwenye vidole vyepesi husifiwa kuwa anakoroga vizuri.

Swali la kujiuliza ni kwamba zebaki iliyotoweka imekwenda wapi. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, wakati dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzijoto zaidi ya 1,000, ndiyo maana moto hutenganisha vitu hivyo viwili. Zebaki haikuungua wala haikuisha, imegeuka mvuke usioonekana, na waliosimama kuzunguka kibati wameuvuta. Tena haisubiri moto, kwa kuwa hata ikiwa imetulia kwenye beseni au kwenye chupa isiyo na kizibo hutoa mvuke kidogo kidogo, hasa siku ya jua kali. Mvuke huo hauna harufu wala hauwashi koo kwa kiwango cha kawaida, kwa hiyo mwili haumpi mtu onyo la kumfanya ajitenge.

Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaoingia kwenye mapafu hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, na ukiwa bado katika umbo la mvuke una uwezo wa kupita kizuizi kinacholinda ubongo. Ukishaingia hubadilika kikemia na kuwa umbo jingine lisiloweza kutoka kwa urahisi. Sehemu nyingine huenda kwenye figo. Matokeo yake kwa anayeuvuta mara kwa mara ni mikono kutetemeka, usingizi kukatika, hasira za ghafla, kusahau na kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Kwa mtoto yapo mambo matatu yanayozidisha yote hayo. Anavuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kuliko mtu mzima, kimo chake kinamweka karibu na ardhi ambako mvuke mzito hukusanyika, na ubongo wake bado unajengwa.

Hapa nikupe ukweli hata ule unaompa kaka yako nguvu. Zebaki ya majimaji ikigusa ngozi isiyo na jeraha hupenya kidogo, na hata mtu akimeza tone lake sehemu kubwa hutoka na choo. Ndiyo sababu mzee wa mwaloni anaweza kuapa kwamba ameishika kwa mikono maisha yake yote na hajaona ubaya. Anachosahau ni kwamba muda wote huo alikuwa pia akiivuta, na kwamba kutetemeka kwa mikono yake amekuhesabu kuwa ni uzee au pombe.

Ukishajua kwamba njia ya sumu hii ni pua na mapafu, suala la maziwa linajijibu. Maziwa huingia tumboni na mvuke huingia mapafuni, kwa hiyo kumnywesha mtoto maziwa ili kuondoa zebaki ni sawa na kumeza dawa ya minyoo ili kutibu jeraha la mguu. Mpe maziwa kwa sababu ni chakula kizuri kwa kijana anayekua, si kwa sababu yanaosha chochote. Kitambaa kinachofungwa usoni nacho hakizuii mvuke hata kidogo, na barakoa za kawaida za hospitali vilevile. Wapo wanaouza dawa za kusafisha damu wakilenga wachimbaji, na hao usiwape hela yako. Dawa za kweli za kuvuta metali nzito mwilini zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa uangalizi kwa sababu zina madhara yake, tena hazisaidii kitu mgonjwa akirudi kwenye mvuke uleule. Hatua ya kwanza ya matibabu ni kumtoa mtu mahali penye sumu.

Nije kwenye "likizo tu". Mwili hutoa zebaki polepole, na kiasi kilichoingia kwa mvuke hupungua kwa nusu baada ya takriban miezi miwili. Mtoto aliyekaa mwaloni Oktoba, Novemba na Desemba anaripoti shule Januari akiwa bado na sehemu kubwa ya mzigo aliokusanya. Mwezi wa tatu bado ana kama nusu ya ule aliokuja nao Januari, mwezi wa tano robo. Huo ndio muhula wake wa kwanza sekondari, ambako anatakiwa ghafla kusoma kila somo kwa Kiingereza na kukaa kimya kusikiliza kwa saa nyingi. Tena Juni shule zikifungwa anarudi mwaloni kabla mwili haujamaliza kutoa mzigo wa kwanza.

Vumbi lina hesabu yake. Dhahabu mara nyingi imo ndani ya jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, na likisagwa likiwa kavu hutoa chembe ndogo za silika zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita pua na koo na kutua ndani kabisa ya mapafu. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Huzizungushia makovu, na makovu yakiwa mengi pafu hukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi maisha yake yote, hata akiwa ameshaacha mgodi. Kwa kawaida huchukua miaka kujitokeza, kwa hiyo sitaki ufikiri kwamba kikohozi cha mwanao ni silikosisi. Ila ujue kwamba mtu aliyeanza kuvuta vumbi hilo akiwa na miaka 13 atakuwa na miaka mingi zaidi ya makovu atakapofika umri wa kulea familia kuliko aliyeanza akiwa na 25. Jirani na karasha isiyomwagiwa maji, vumbi hilo huonekana limetanda kwenye nyusi na kope za watu kama wamepakwa unga. Linaloonekana hivyo ni lile kubwa, na linalofika mapafuni ni lile ambalo huwezi kuliona.

Mambo mengine ya mwaloni nayapita haraka kwa kuwa unayajua: vipande vya mawe vinavyoruka machoni, vidole chini ya nyundo, mikanda ya mashine inayonasa nguo. Viroba ninavisemea kidogo. Mifupa ya kijana wa miaka 13 ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hizo ndizo zinazorefusha mwili. Mzigo mzito unaobebwa kila siku kichwani na mgongoni huzikandamiza na kuuchosha uti wa mgongo, na maumivu ya kiuno anayoyapata sasa yanaweza kumfuata ukubwani.

Kuhusu ahadi kwamba hataingia shimoni, naamini kaka yako anaitoa kwa moyo safi. Lakini ahadi hiyo haimo mikononi mwake peke yake. Kwenye duara kuna wenye hisa wengine, kuna msimamizi, na kuna siku ambazo mpitio ni mwembamba na kunatafutwa mtu mwembamba. Huko Mererani, kwenye tanzanaiti, vijana wadogo waliokuwa wakitambaa ndani ya mashimo membamba walipewa hata jina la "nyoka". Mtoto naye ana tamaa zake. Akiona wenzake wanaoshuka wanarudi na fungu kubwa zaidi, hatangoja ruhusa ya mjomba.

Tena angalia majira. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaangukia kwenye mvua. Udongo unalowa, matimba yanayoshikilia kuta za duara yanaoza na kulegea, maji yanajaa, na pampu ya petroli ikishushwa shimoni kuyatoa humwaga hewa ya sumu inayoua watu kimya. Januari 2024 huko Bariadi, mkoani Simiyu, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka wakati wa mvua kubwa na watu zaidi ya 20 wakafa. Walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, na walikuwa wameingia eneo ambalo shughuli zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya mvua hizohizo. Ukingo wa duara hauchagui aliyekuwa anashuka na aliyekuwa anapita tu na ndoo ya maji.

Kaka yako anasema mlilelewa kwa jembe, na hapo ana hoja inayostahili jibu la heshima. Kumfundisha mtoto kazi si kosa. Kuchota maji, kupalilia na kuchunga baada ya masomo ni sehemu ya malezi, na sheria yetu haikatai kazi nyepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya, makuzi wala masomo yake. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na inataja kwa jina kazi za hatari ambazo hapaswi kupewa, zikiwamo uchimbaji wa madini na mawe, kubeba mizigo mizito, na kazi mahali panapotumika mashine. Mwalo una vyote vitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18. Kazi ya usiku kwa mtoto, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa pia, na wewe unajua karasha hunguruma saa ngapi. Ridhaa ya mzazi haibadilishi lolote katika hayo, na kuwa kwenye likizo hakubadilishi. Mwenye leseni ndiye atakayebanwa wa kwanza ukaguzi ukipita, na hilo kaka yako analijua.

Nimeona mkanganyiko huu wa jembe na mwalo ukiwasumbua hata viongozi wa vijiji, kwa hiyo nitoe kipimo changu. Mtoto akichoka shambani anakaa chini ya mti, na kesho yake uchovu umekwisha. Akichoka mwaloni anakaa palepale penye mvuke. Shamba nalo lina hatari zake, hasa pale mtoto anapotumwa kupulizia dawa za pamba au nyanya, na kazi hiyo ningeikataa kwa ukali uleule.

Kuhusu binti, jibu langu ni fupi na sitalipamba. Usimpeleke. Wengine huona kuuza maandazi si kazi ya mgodi, na kwa macho ya haraka ni kweli. Lakini pale ni mahali penye wanaume wengi walio mbali na kwao, pesa inayokuja kwa mkupuo, pombe, na usiku mrefu. Mtoto wa miaka 10 anayepita na beseni kati yao, akidai deni la chai kwa huyu na yule, anawekwa kwenye hatari ya kushikwashikwa, kurubuniwa na kubakwa, pamoja na maambukizi yanayofuatana na hayo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu watoto kwenye migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya ilieleza unyanyasaji wa namna hiyo, sambamba na zebaki. Kama biashara ya maandazi ina faida, ipike wewe na uiuze wewe, au mtu mzima mwingine aipeleke.

Tuzungumze pesa, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinapoanzia, na mtaalamu anayemwambia mjane aache kipato bila kuzungumza pesa hajamsaidia. Kwanza uangalie kipato chenyewe. Mara nyingi mtoto mwaloni halipwi kwa siku. Hupewa fungu la mawe au udongo wa marudio, yaani uliokwisha kuoshwa, aoshe mwenyewe, na hapo ni kubahatisha. Siku akikosa amefanya kazi bure, na siku akipata, pesa ile haifiki nyumbani yote. Siku aliyopata ndiyo ninayoihofia zaidi, maana kijana aliyeshika noti nyingi kwa mara ya kwanza huanza kuiona shule kama kitu kinachomchelewesha. Walimu wa maeneo ya migodi watakuambia kwamba wanafunzi wanaokosekana Februari ni walewale walioonekana mwaloni Desemba.

Pili, punguza mzigo wenyewe. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kinachobaki ni sare, madaftari na mahitaji ya kulala, na hayo si lazima yote yapatikane siku moja. Nenda ukaonane na mkuu wa shule aliyopangiwa kabla ya kufungua, umweleze hali yako, uulize ni vitu gani vya lazima wiki ya kwanza na vipi vinaweza kusubiri. Viongozi wa serikali wamekuwa wakiagiza mara kwa mara watoto wa kidato cha kwanza wapokelewe hata kama sare haijakamilika, na mkuu wa shule mwenye busara hatamrudisha mtoto kwa ajili ya godoro. Uliza kwa mtendaji wa kijiji kama kaya yako inaweza kuingizwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ingawa kwa ukweli mchakato huo huchukua muda na hautakufaa kwa Januari hii. Mkopo mdogo wa kikoba kwa ajili ya sare ni njia nyingine, alimradi uwe na uhakika wa marejesho, kwa sababu deni linaloshindikana ndilo linalomrudisha mtoto mgodini Juni.

Kijana mwenyewe anahitaji shughuli. Kuanzia mwezi wa tisa hadi Januari ni miezi mirefu kwa mtoto wa miaka 13 asiye na la kufanya, na ukimnyima mwaloni bila kumpa kitu atakwenda mwenyewe. Kuku wachache, tuta la mchicha au nyanya nyuma ya nyumba ambalo mauzo yake yanaandikwa kwenye daftari kuwa ni ya sare yake, na saa mbili za Kiingereza na hisabati kila asubuhi, hata kwa kitabu cha kuazima kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, vingemtosha. Sikudanganyi kwamba mchicha utalingana na siku moja ya bahati mwaloni. Hautalingana.

Kwa vile ameshakaa huko wiki mbili, na huenda mjomba wake huchomea dhahabu nyumbani, nikupe dalili za kuangalia. Chukua daftari lake la mwanzoni mwa mwaka na umwambie aandike leo ukurasa mmoja, kisha linganisha. Mwandiko uliokuwa umenyooka ukawa wa kutikisika ni jambo la kumweleza daktari. Mpe kikombe kilichojaa maji akishike kwa mkono mmoja ulionyooshwa, utazame kama maji yanatulia. Angalia pia hasira isiyo ya kawaida yake, kukosa usingizi, mate mengi na fizi kuvimba. Ukiyaona, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe aonwe na daktari, siyo kununua dawa dukani. Kipimo kinachofaa kwa mvuke wa zebaki ni cha mkojo, nacho hufanyika katika maabara chache kubwa, kwa hiyo daktari ndiye atakayeelekeza sampuli iende wapi, pengine kupitia hospitali ya Bugando, Mwanza. Kipimo cha nywele huonyesha zaidi zebaki inayotokana na kula samaki, usikubali kutozwa pesa kwa ajili hiyo. Na kama ndani ya nyumba kuna krimu za kujichubua, zitoe, maana baadhi yake zina zebaki na zitachanganya majibu.

Ipo hali moja ambayo ni ya dharura. Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aliyekuwa kwenye chumba kilichofungwa wakati dhahabu inachomwa, kisha ndani ya saa chache akaanza kubanwa kifua, kukohoa, kupata homa na kuhisi ladha ya chuma mdomoni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yake yanaweza kujaa maji, na wapo waliokufa kwa namna hiyo. Wahudumu waambiwe neno "zebaki" tangu mlangoni.

Sasa kaka yako. Usimwendee na sheria mkononi, maana ataona umemshitaki kabla hujamsalimia. Mwendee na mtoto, mkitoka hospitali, ukiwa na kadi ya matibabu. Unaweza kusema hivi: "Kaka, ulitushika mkono siku ambayo hakuna mwingine aliyekuja, na sijasahau. Daktari amesema kifua cha mpwa wako hakitakiwi kukaa kwenye vumbi wala kwenye zebaki. Ninakuomba ule ujira uliokuwa umpe, ununue sare na godoro, na mimi nitakaa naye hapa mpaka afungue shule." Hapo unamwachia nafasi yake ya mjomba, na unamwomba kile alichokuwa tayari kukitoa. Nadhani atakubali. Akikataa, mtafute mzee mnayemheshimu wote wawili akae nanyi. Ikiwa hata hapo mtoto atachukuliwa kwa nguvu au kwa siri, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Wao wana uzoefu wa kuzungumza na ndugu kabla mambo hayajafika polisi.

Na umwombe jambo la pili kwa ajili yake mwenyewe na wanawe, kwamba asichome dhahabu jikoni wala uani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na uchomaji katika makazi ya watu ni mojawapo ya vitendo ambavyo mkataba huo unataka vikomeshwe. Vipo vyombo vya kuchomea vilivyofungwa, vyenye bomba linalopoza mvuke na kuirudisha zebaki kwenye kikombe cha maji, ili itumike tena badala ya kupotea hewani. Ofisi ya madini ya mkoa inaweza kumwelekeza namna ya kukipata. Mtu wa mahesabu kama yeye, akiona zebaki aliyoinunua inarudi, hatahitaji kubembelezwa sana.